Chumba Kimoja, Misimu Miwili

6 Julai

Dada yangu mpenzi,

Nimepewa somo ambalo walimu wenzangu wote walilikwepa kama dimbwi njiani: uandishi wa habari za mabadiliko ya tabianchi. Mkuu wa Chuo aliniita ofisini, akanivutia kiti, akaniuliza hali ya Mama, ndipo nikajua kuna jambo. "Ni la mwaka mmoja tu, la majaribio," akasema. "Likizaa matunda tutaliendeleza. Lisipozaa, hakuna atakayekulaumu." Mtu akikuambia mapema kwamba hatakulaumu, ujue lawama keshaiandaa.

Wiki ya kwanza niliwaambia wanafunzi waniandikie habari yoyote juu ya somo hilo. Nilizisomea jikoni. Chai ikapoa, nikachemsha nyingine, nayo ikapoa. Karibu kila mmoja kaniletea barafu. Barafu inayeyuka, dubu weupe wanataabika, bahari inapanda, na katika darasa zima hakuna aliyewahi kuona barafu nje ya friji. Sarufi yao haikuwa na kasoro. Ila hamkuwa na mtu ndani yake, dada, hata mmoja.

Basi nimewawekea sharti. Kila mmoja achague chumba kimoja anachoweza kukiingia kwa miguu yake, akae humo mara mbili: sasa hivi kwenye baridi, na tena joto litakaporudi. Kisha atuletee habari ya chumba hicho kwa njia ambayo gazeti letu la chuo halijawahi kuitumia. Na maneno "mabadiliko ya tabianchi" ni marufuku kuonekana popote. Wamenuna. Mmoja ameniuliza kama choo nacho ni chumba. Nimemwambia ni chumba kuliko vyote.

Darasani yumo binti mmoja ambaye wenzake wanamwita Kobe, kwa sababu kila kazi huileta mwisho, na hutembea kama aliyebeba nyumba yake mgongoni. Jina halimkeri, hata kwenye kikombe chake cha chai ameliandika. Kwao ni huko mjini kwenu, na chumba alichokichagua ni wodi ya wazazi ya hospitali yako. Sikumtuma mimi. Nilipomwambia kwamba mkunga wa pale ni dada yangu wa tumbo moja, akasema, "Basi mwalimu, usinisahihishie wewe." Nimekubali. Mwenzangu anayefundisha upigaji picha ndiye atakayempa alama. Nami nikamwongezea sharti la pili: atakachokikuta huko asinieleze mpaka kazi iishe, maana mimi ni mdogo wako, na mkono wangu unaweza kwenda kufuta pale panaponiuma.

Mpokee. Usimpendelee. Kwenye simu Mama huwa amekukalia sikioni, kwa hiyo nijibu kwa barua kama zamani.

Mdogo wako,
Mwalimu

* * *

21 Julai

Mdogo wangu,

Kobe wako amefika. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi chini ya dirisha, kinasa sauti mapajani, hasemi neno. Ilipofika saa nne matroni akanivuta kando akaniuliza, "Huyu naye njia imefunguka kiasi gani?" Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nikamwambia huyu ni mwandishi wa habari, hajifungui leo.

Lakini nimemtazama, na nakwambia una mwanafunzi. Alipita kitanda kwa kitanda kuomba ruhusa ya kurekodi. Hakuishia kuomba. Alimvalisha kila mama hedifoni, akamsikilizisha kwanza sauti yake mwenyewe, ili ajue anachokikubali ni kitu gani. Mama mmoja alikataa. Kobe akamshukuru, na tangu hapo kila yule mama alipofumbua kinywa, mashine ilizimwa. Hata alipokuwa anaomba maji tu.

Wodi yetu unaikumbuka: mabati juu, dari hakuna, na vitanda vimebanana kama meno. Mwezi huu ni baraka. Wazazi wanaomba blanketi, wanacheka, wanasimuliana habari za mawifi. Nami naimba. Unanijua, naimba kama bata aliyekanyagwa, lakini nikiimba wanasahau kunitukana. Kobe ameurekodi wimbo wote. Nikamuuliza atautumia wapi uchafu ule, akasema, "Sijui bado, shangazi. Nakusanya."

Ananiita shangazi. Mama yetu keshamzoea, jana kamshonea kifungo cha koti.

Kula vizuri. Kazi ya kufundisha inakula watu nyama.

Dada yako,
Mkunga

* * *

3 Novemba

Dada,

Nisamehe ukimya. Nilikuwa nimezama, ila ni kuzama kuzuri.

Wale walionuna wamenigeukia. Vijana wawili walichagua chumba cha darasa katika shule wanayosoma wadogo zao, wakaishia kutoka nje ya chumba, wakachora ramani ya kivuli ya mtaa mzima. Wanatembea jua likiwa utosini, wanaandika wapi kuna kivuli na wapi mti ulikatwa na nani aliukata. Watoto wa shule sasa wanaitumia kuchagua njia ya kurudi nyumbani. Muuza viatu mmoja kahamisha meza yake kwa sababu ya ramani hiyo, na wa pili kaja chuoni kulalamika kwamba mti wake umesahauliwa. Niliwaambia vijana wangu: siku msomaji anapogombea kuwekwa kwenye habari, jueni mmeandika habari.

Aliyeuliza juu ya choo naye amekaa kwenye choo cha soko la mtaani kwao, na ameandika kuhusu maji yanavyochelewa kuja kila mwaka kuliko mwaka uliopita. Ameiandika kama mzozo wa mahakamani, mashahidi wakiitwa mmoja mmoja: bomba, ndoo, mfagiaji, muuza mboga. Alipoisoma mbele ya darasa tulicheka, kisha wakamwomba aisome tena.

Nasimama mbele yao, dada, na siku nyingine nasahau kwamba mimi ndiye ninayefundisha.

Mkuu wa Chuo hajafurahi. Aliniuliza kama nawafundisha uandishi au upimaji wa viwanja. Anataka mtihani wa kuandika, maswali na majibu, "ili tujue wamejua nini." Nimemwomba asubiri hadi Machi, wakiwasilisha kazi zao. Akasema, "Machi, na isizidi."

Kobe yeye haonyeshi kitu. Nikimuuliza anasema, "Joto halijafika, mwalimu." Mungu anipe subira.

Wewe hujambo? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi.

Mdogo wako,
Mwalimu

* * *

26 Februari

Mdogo wangu,

Mwandiko usikushtue. Nimejigonga mkono wa kulia kwenye mlango wa stoo, na huu ni wa kushoto unaojifunza kazi uzeeni. Si kitu. Nina mafua pia, kwa hiyo nimepumzishwa nyumbani siku chache, Mama ananinywesha supu kama mtoto.

Joto lipo, la kawaida ya joto. Kobe alikuja, akakaa kwenye benchi lake, karudi chuoni. Mtoto mwema sana. Usimsumbue kwa maswali.

Mama anakusalimu. Anasema usifunge safari, hakuna haja.

Dada yako,
Mkunga

* * *

18 Machi

Dada,

Naandika mara ya tatu. Mbili nimezichana kwa kuwa zilikuwa na hasira.

Leo wanafunzi waliwasilisha kazi zao. Mkuu wa Chuo alikaa mbele na kalamu yake nyekundu. Kobe alikuwa wa mwisho, ungetarajia nini. Alimgawia kila mtu hedifoni alizoziazima sijui kwa nani na nani, akasema sentensi moja: "Sikio la kushoto ni Julai, sikio la kulia ni Februari, chumba ni kilekile na saa ni ileile ya mchana." Akabonyeza, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Kushoto wazazi wanacheka, mtu anaomba blanketi, kichanga kinalia kwa nguvu zake zote. Kulia feni inakwaruza, mabati yanatatarika kwa jua, kitambaa kinakamuliwa maji, kinakamuliwa tena, na sauti ya mama inasema, "Nipepee, nipepee, usiache." Kichanga cha kulia nacho kinalia, lakini kidogo, kama anayejionea haya. Hakuna msimulizi. Akili yako ndiyo inayosimama katikati, inahukumu.

Halafu ukaanza kuimba, dada. Kushoto uliimba kama bata wako. Kulia ukauanza wimbo uleule, polepole. Ubeti wa kwanza uliufikisha. Wa pili ukakatika katikati ya neno, kikasikika kitu kizito kikianguka, na trei ya vyuma ikitawanyika sakafuni. Ikaja sauti ya Kobe, mara moja tu katika kazi nzima: "Nisaidieni kumwinua." Kisha sikio la kulia likawa tupu kabisa. Na kushoto ukaendelea kuimba hadi mwisho wa wimbo.

Wenzake hawakujua ni wewe. Nilitoka nje. Kobe akanifuata kwenye varanda.

"Ulikuwepo," nikamwambia.

"Nilikuwepo, mwalimu. Nilizima mashine tukambeba."

"Na umekaa nami wiki zote hizi, unaniamkia kila asubuhi, na hukuniambia."

"Ulisema nisikuambie."

"Nilisema usiniambie habari."

Akaniangalia kwa yale macho yake ya taratibu. "Mwalimu, yeye ndiye habari."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, dada. Sharti nililitunga mwenyewe nikalifurahia, leo limenichoma mwenyewe. Akaniambia alikuomba ruhusa ya kuitumia sehemu ile ukiwa bado na dripu, ukakubali, naye hakukuamini. Akasubiri ukae sawasawa, akakuuliza tena. Akasubiri urudi nyumbani, akakuuliza mara ya tatu mbele ya Mama. Ukasema tumia, usinitaje jina, na mdogo wangu asijue mpaka siku ya kuwasilisha. Akatimiza yote matatu. Nimefundisha waandishi wengi wanaolipwa leo, na sijui wangapi kati yao wangeweza kunitazama usoni kila asubuhi wakainyamazia siri ya mtu aliyewaamini.

Kwa hiyo nimemwambia amefanya vyema. Nilimwambia nikilia, lakini nilimwambia.

Wewe ndiye ninayekukasirikia. Mlango wa stoo? Na Mama naye? Nakuja Ijumaa, na safari hii usiniambie hakuna haja.

Mdogo wako,
Mwalimu

* * *

27 Machi

Mdogo wangu,

Umeondoka jana na nyumba imebaki na harufu ya mafuta yako ya nywele. Mama anasema umekonda. Yale uliyoyasema jikoni nimeyapokea yote, hata lile la kuniita mwongo mwenye cheti. Nilijua ukisikia utaliacha darasa uje ukae kando ya kitanda changu, na yule Mkuu wako angepata sababu aliyokuwa akiitafuta. Basi nikachagua. Ungekuwa wewe ungechagua hivyohivyo, usinibishie.

Sasa sikiliza, maana mambo yamepamba moto baada ya wewe kuondoka. Diwani wetu alisikia habari za kazi ya Kobe, akaomba ichezwe mbele ya baraza la mji. Mganga Mkuu akapata taarifa, akaniita leo asubuhi. Nilimkuta amesimama dirishani, mgongo kwangu.

"Mama mkunga, kuna watu wanaipaka hospitali yetu matope," akasema. "Nataka useme ulianguka kwa sababu hukula asubuhi."

Nikamwambia nilikula, tena viazi vingi.

"Unajua nina bajeti kiasi gani ya paa?"

"Sijui, daktari. Najua tu wazazi wangapi nimewamwagia maji wiki hii."

Akageuka. Si mtu mbaya, unamjua, amechoka tu kama sisi. Akasema nikiendelea atanihamishia zahanati ya mbali, nikapime watoto uzito mpaka nistaafu. Nikamuuliza, "Umeisikiliza?" Akasema haina haja, ameelezwa. Nikamwambia, "Daktari, mgonjwa akielezwa na jirani yake humwandikii dawa. Unampima kwanza."

Nikatoka, nikakaa stoo kidogo. Nilifikiri kumpigia Kobe aache, na ningemwambia angeacha, ndiyo sababu sikumpigia. Nina miaka mingi katika wodi ile na hakuna aliyewahi kuisikiliza. Mwambie aende.

Dada yako,
Mkunga

* * *

10 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu ameniambia nikuandikie mwenyewe, kwamba habari ya mtu inarudishwa kwa mwenyewe kwanza. Mimi kuandika barua sijui, nitasema kama ilivyokuwa.

Ukumbi wa baraza una viti vya ngozi na viyoyozi viwili. Nilianza kutetemeka nikafikiri ni woga, kumbe ni baridi. Nikamwomba mhudumu avizime. Hakutaka. Mwalimu akamwendea, sijui alimwambia nini, vikazimwa. Madiwani wakaanza kujipepea kwa ajenda.

Mganga Mkuu alikuwa amekaa pembeni amekunja mikono. Nilikuwa nimepanga kuanza na mwenyekiti, lakini miguu ikanipeleka kwake. Nikampa hedifoni za kwanza nikamwambia, "Daktari, hii ni wodi yako. Jina la hospitali silitaji, wala la mtu." Akazivaa bila kuniangalia.

Diwani mmoja mzee alizivaa kinyume, akawa anasikia baridi upande wa joto, akaniambia mitambo yangu mibovu. Nilizigeuza.

Ulipokatika wimbo, diwani mwanamke aliyekaa mbele alijishika mdomo. Mwenyekiti akauliza, "Yuko hai?" Nikasema yuko hai na yuko kazini. Halafu nikaona Mganga Mkuu bado amevaa hedifoni wakati kazi ilikuwa imekwisha. Akaja mezani kwangu akasema, "Rudisha mwanzo." Akasikiliza yote tena akiwa amesimama.

Madiwani wamesema watalijadili suala la dari katika bajeti. Mwalimu anasema "watalijadili" ni neno linaloweza kuzeeka, kwa hiyo tumekubaliana nitakuwa narudi kila kikao kuuliza. Mimi si mwepesi, shangazi, lakini nafika.

Na jambo jingine. Mkuu wa Chuo alikuwepo nyuma, hatukujua. Alipotoka alimuuliza mwalimu kama hedifoni zitatosha kwa darasa la mwakani. Mwalimu alijibu, "Tutaazima." Kisha akaingia kwenye ghala la viti akakaa humo peke yake. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

Niliogopa sana kwa ajili yako. Bado naogopa. Tafadhali nijulishe kama wamekuhamisha.

Wako mtiifu,
Kobe

* * *

2 Mei

Mdogo wangu,

Msomee Kobe barua hii, maana sina nguvu ya kuandika mbili.

Siku ya tatu baada ya baraza, Mganga Mkuu aliingia wodini baada ya chakula cha mchana. Nikasema moyoni, uhamisho umefika. Akaliangalia benchi chini ya dirisha, akakaa. Wazazi wakaanza kunong'ona, mmoja akaniuliza kama huyu baba amemsindikiza nani. Joto la mwaka lilikuwa linaondoka, lakini mabati yetu hayajui kalenda. Akavua koti. Baadaye akafungua vifungo vya shati. Nilikuwa na mzazi mkononi, sikupata nafasi ya kumwangalia zaidi, ila nilipoinua kichwa nikamkuta ameshika kadibodi anampepea mama wa kitanda cha ukutani, amechutama, jasho linamdondoka puani.

Alipoondoka aliniuliza swali moja. "Lile jengo la zamani la matofali, lenye kuta nene, ni nani wanaokaa humo?"

Nikamwambia, "Ni ninyi, daktari. Utawala na wahasibu."

Akasimama mlangoni kama aliyesahau njia. Akasema, "Ndiyo. Ni sisi."

Jumatatu iliyofuata tukabadilishana. Sikusubiri bajeti ya mtu, wala yeye hakusubiri. Ungeiona hospitali siku hiyo, mdogo wangu. Makabati ya mafaili yanaenda kule, vitanda vinakuja huku, yanapishana uani kama harusi mbili. Mganga Mkuu alibeba magodoro. Mhasibu mkuu, yule mnene mwenye tai, alikuwa analalamika kwamba atayeyuka chini ya mabati, matroni akamwambia atamkamulia kitambaa. Sasa ofisi yao ni wodi yetu ya zamani, na nasikia barua za kuomba dari zinaandikwa kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana.

Chumba chetu kipya kina kuta za kumeza mkono hadi kiwiko dirishani. Ukiingia mchana unadhani kuna mtu amefungua friji. Kobe alikuja siku ile ya kwanza, alikuwa likizo. Nilikuwa na mzazi wa mimba ya kwanza, binti mdogo mwenye hofu, na nikahitaji mtu wa kumshika mkono. Kobe akamshika. Alishikwa mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuunyofoa mkono.

Mtoto wa kike, mzito, kalia mpaka wahasibu wakasikia. Nilimfunga vizuri nikamweka kifuani kwa mama yake. Yule binti alipotulia akatazama huku na huku, akatazama mlango. Kibao kilikuwa hakijaondolewa bado, kimeandikwa MHASIBU MKUU.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama mkunga, nikiulizwa nimejifungulia wapi niseme nini?"

Nikamwambia aseme ukweli, kwamba amejifungulia penye ubaridi. Nikauendea wimbo wangu, nikauanza upya tangu ubeti wa kwanza.

Dada yako,
Mkunga